Mama Anastasie na Ukurasa wa Kumi na Tano

Kabla sijamwona Mama Anastasie Mukabaranga kwa macho, nilikuwa nimeshavijua vidole vyake. Vilikuwa kwenye picha, kurasa ishirini na nne, ndani ya kitabu kidogo chenye plastiki kilichoning'inia kwa kamba nyuma ya mlango wa kituo chetu cha afya cha Kibua. Vidole vinene, vya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utoto, kucha zimekatwa fupi, na kwenye kidole gumba kimoja kovu jeupe lililopinda. Katika kila picha vilikuwa vinashika kitu: ufunguo wa fundi, kipande cha tuyo, yaani bomba, mpira wa kuzuia maji yasivuje.

Mimi naitwa Evode, ni muuguzi, si fundi. Kitabu kile kiliwekwa kwetu kwa sababu tenki la maji la kijiji limejengwa nyuma ya chumba cha kujifungulia, na fundi wa maji hupita kwetu kila asubuhi kuchukua ufunguo. Mengine nitakayosimulia niliyaona mwenyewe. Mengine nilielezwa na Mama Anastasie, na mumewe Shyaka, na Kahambu mwenye duka.

Mama Anastasie alizaliwa juu, kwenye vilima vya Masisi, pale ambapo ukungu hutoka asubuhi pamoja na ng'ombe. Baba yake, mzee Nzabonimpa, alikuwa mfugaji, na Anastasie alisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kisha akaolewa na mfugaji mwingine. Kila alfajiri aliteremka na bidoni mbili, yaani madumu mawili, za maziwa mpaka Masisi centre. Ulipokuja mradi wa kuleta maji ya chemchemi katika vijiji saba, kuanzia kwao juu mpaka huku kwetu Kibua, ndani ya Walikale, kila kijiji kiliambiwa kichague mtu mmoja wa kutunza mitambo. Kwao walimchagua yeye, kwa kuwa njia yake ya maziwa ilipita karibu na chemchemi.

"Hakuna mwenye alimuuliza kama anataka," Shyaka aliniambia. "Lakini na yeye hakukatala."

Wale wa mradi walijenga kwa mfano mmoja kila mahali. Chemchemi imefunikwa kwa saruji. Chini yake kuna shimo la mraba lenye mfuniko wa chuma. Ndani ya shimo kuna vane mbili, yaani vifungio viwili vya maji vyenye mikono ya chuma. Vane ya kushoto inapeleka maji kwenye tenki la kijiji. Ya kulia inayamwaga maji machafu bondeni. Mkono wa vane ukilala sambamba na tuyo, maji yanapita. Ukilala kwa kuikata tuyo, maji yamefungwa. Walifundisha kwa siku mbili, kwa Kifaransa, wakaacha kitabu kinene kilichojaa michoro, namba na mishale, wakaondoka.

Mwezi wa tatu maji yalikatika kwao. Mama Anastasie alifungua kile kitabu kinene juu ya jiwe karibu na chemchemi. Mchoro ulionyesha tuyo kwa mstari wa vidoti, umenyooka kutoka ukingo mmoja wa karatasi mpaka mwingine. Akachimba mahali patatu, tuyo hakuiona.

"Mu ule mchoro dunia haina majani," aliniambia miaka mingi baadaye, na bado ilimuudhi. "Haina matope, haina mawe, haina hata kinyesi ya ng'ombe. Sasa mimi nitaanzia wapi?"

Baada ya wiki moja alikuja fundi kwa pikipiki, mtu mmoja aitwaye Isidore. Alimaliza kazi kwa saa moja. Wanawake wengine walisimama wakimtazama. Mama Anastasie alitoa telefone ambayo binti yake Christa, aliyekuwa anasoma Goma, alikuwa amemwachia, ile yenye kioo kilichopasuka kona. Kila Isidore alipotaka kugeuza kitu, alisikia, "Papa Isidore, ngojea kwanza," na telefone inalia kwa sauti ya kupiga picha.

"Mama, unataka kunipeleka kwa polisi?" Isidore aliuliza.

"Nataka tu siku ingine usichoke na safari."

Picha zilikuwa arobaini. Alipozitazama nyumbani, tatu ndizo zilizofaa. Nyingine zilikuwa shimo jeusi, au maji yaling'aa kwa taa ya telefone mpaka chuma hakikuonekana, au zilikuwa mgongo wa fundi. "Mugongo ya Isidore njo nilipiga muzuri sana," alisema akicheka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alianza upya. Kila Jumamosi, maziwa yakishauzwa, alishuka shimoni na ufunguo wake, akafungua, akapiga picha, akafunga. Hakuwa na mwalimu wa kazi hiyo. Alijifunza kwamba chuma lazima kioshwe kwa sabuni kwanza, la sivyo kwenye picha matope na kutu huonekana kitu kimoja. Alijifunza kutandika gunia jeupe nyuma ya kifaa. Alijifunza kwamba jua kali ni adui, na kwamba saa nzuri ni ile ambayo ukungu umekuwa mwepesi lakini haujaondoka, kwa sababu mwanga wake hauleti kivuli. Alijifunza kuuweka mkono ndani ya picha ili anayetazama ajue kifaa kina ukubwa gani na kinashikwa wapi. Na alijifunza kupiga picha kutoka pale alipo fundi mwenyewe, siyo kutoka ng'ambo ya shimo, maana mtu akisimama ng'ambo kila kitu huonekana kinyume.

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Alikwenda kwa jirani yake, Mama Dusabimana, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, akampa picha kumi zilizopangwa kwenye telefone, bila maandishi yoyote.

"Fungua robine ya pale kwa kilima," alimwambia, "ubadilishe mupira wake. Fanya tu sawa vile unaona."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitanyamaza."

Akakaa juu ya jiwe, akanyamaza kweli. Mama Dusabimana alifika picha ya nne, akasimama. Akaigeuza telefone huku na huku.

"Hii mukono, iko inavuta ao inasukuma?"

Mama Anastasie alitoa kalamu, akaandika kwenye daftari. Alikuwa ameelewa kwamba picha haitembei: mkono uliosimama juu ya chuma hausemi unakwenda wapi. Wiki iliyofuata picha ya nne ikawa picha mbili, ya kabla na ya baada, na katikati mshale mwekundu ambao Christa alimfundisha kuuchora kwa kidole juu ya kioo. Mama Dusabimana alijaribiwa mara sita. Mara ya sita alibadilisha mpira bila kusimama, akafungua robine, akanawa uso kwa maji yake.

Kahambu ndiye aliyechapa. Ni mwanamke wa Butembo, Mkatoliki wa kuamka na misa, mwenye duka la misumari, sabuni na mchele pale Masisi centre, na kwenye kona ya duka mashine ya kuchapa inayotumia umeme wa jua. Alipoona Mama Anastasie amepanga picha sita katika ukurasa mmoja, alizikataa.

"Mama, hii ni picha ya kadi ya uchaguzi? Muntu ataiona na darubini? Weka mbili. Na maneno, punguza. Muntu mwenye mukono iko na matope hawezi kusoma hadisi."

Walibishana siku nzima, wakawa marafiki. Kitabu kikatoka na kurasa ishirini na nne, kila ukurasa picha mbili na mstari mmoja wa Kiswahili, kimefunikwa plastiki ili kivumilie mvua. Zikachapwa nakala saba. Yetu ya Kibua ilifika ndani ya gunia la viazi.

Fundi wetu wa kwanza aliondoka mwaka ule kwenda kuchimba dhahabu Omate, kama vijana wengi. Mahali pake akachaguliwa Papa Archange, mkulima wa mihogo aliyepita miaka hamsini, mpole, asiyependa kelele. Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na kile kitabu. Nilikuwa namwona asubuhi amesimama nyuma ya mlango wetu, anatembeza kidole juu ya plastiki, midomo inacheza. Kwa miezi minne maji ya Kibua hayakukatika hata mara moja.

Kisha mvua zikaja. Siku tatu mfululizo. Chemchemi ikatoa maji mekundu. Jioni ya siku ya tatu mvua ilipotulia, Papa Archange alipanda kwenda kuosha shimo la vane kama kitabu kilivyosema, kuanzia ukurasa wa kumi na tatu mpaka wa kumi na tano. Akashuka, akarudisha ufunguo, akaenda kwake.

Asubuhi Hélène, mkunga wetu, alifungua robine ya chumba cha kujifungulia. Ikakohoa, ikatoa upepo.

Tulikuwa na wanawake wawili wenye uchungu, na mmoja wao alikuwa anatoka damu. Nilipanda juu ya tenki, nikafungua mfuniko. Lilikuwa limekauka mpaka chini, tope tu linang'aa. Nikapiga kelele. Wanaume wakakimbia mtoni na bidoni, wake zao wakawasha moto wa kuchemshia. Hélène alinawa mikono kwa maji ya kunywa ya nyumbani kwake. Watoto wote wawili walizaliwa salama, na mama aliyetoka damu tulimwokoa, lakini sitaki asubuhi kama ile tena.

Watu wakapanda kwenye shimo. Wakakuta vane ya tenki imefungwa na vane ya bondeni iko wazi. Maji yote ya kijiji yalikuwa yanamwagika bondeni.

Wakamzunguka Papa Archange mbele ya kituo. Mmoja alisema amelewa. Mwingine alisema amenunuliwa. Baba wa mtoto aliyezaliwa alimshika shati. Papa Archange hakujitetea. Alisema tu, "Nilifanya sawa kitabu," na hilo likawakasirisha zaidi, maana lilisikika kama mtu anayeficha uvivu wake nyuma ya karatasi.

Niliwaomba waniachie niende naye ndani. Tukakaa na kile kitabu mezani. Ukurasa wa kumi na tatu: vane ya kushoto inafungwa. Wa kumi na nne: ya kulia inafunguliwa ili tope litoke. Wa kumi na tano uliandikwa, "Ukimaliza, mikono ya vane ibaki hivi." Na katika picha, mkono wa kushoto ulikuwa umeikata tuyo, wa kulia ulikuwa sambamba.

"Papa," nilimwambia, "hii ni kusema tenki ifungwe na bonde ifunguliwe. Hukuona?"

"Niliona," alijibu taratibu. "Nilisimama pale wakati murefu. Njo nikajiambia, huyu mama wa Masisi anajua kunipita. Kitabu yake haijanidanganya hata siku moja."

Nambari ya telefone ilikuwa nyuma ya kitabu. Tulipanda kilima kinachoshika rezo, yaani mtandao wa simu, nikampigia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia. Nilimweleza yote, kuanzia tenki mpaka shati la Papa Archange. Hakunikatiza. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Docta, pale kwa picha, unaona kovu kwa kidole gumba?"

"Ninaiona."

"Iko mukono gani?"

Nikatazama. "Ya kuume."

Nikamsikia akigeuza kurasa za nakala yake.

"Mama?"

"Kovu yangu iko ya kushoto," akasema. "Ile picha imegeuka."

Baadaye alinifafanulia. Kwa picha ile alitaka mikono yake yote miwili ionekane juu ya vane, kwa hiyo hakuweza kuishika telefone. Aliifunga kwenye fimbo ya kuchungia, Shyaka akaishika juu ya kichwa cha mkewe, kioo kikitazama chini, na yeye akatumia kamera ya mbele, ile watu wanayojipigia, ili akiinua macho aone kama picha imekaa vizuri. Hakujua kwamba kamera ile ya telefone yake huhifadhi picha kama kioo cha kujitazamia: cha kushoto hukiweka kulia. Ilikuwa picha moja tu kati ya arobaini na nane. Na ilikuwa nzuri kuliko zote. Ndiyo maana hakuitilia shaka.

Angeweza kutuambia tuchane ule ukurasa, mambo yakaisha. Nilimwambia hivyo.

"Hapana," alisema. "Munipatie Papa Archange kwa telefone."

Nikampa. Sikusikia alichoambiwa. Niliona tu mzee yule amevua kofia, anasikiliza, na anajibu, "Hapana Mama... hapana... sawa Mama."

Siku hiyo hiyo Mama Anastasie alipigia simu vijiji vingine vitano, akawaambia wasifuate ukurasa wa kumi na tano. Kisha akaanza safari. Kahambu aliniambia kwamba alimfikia dukani na viatu vya matope, akaweka telefone juu ya meza na kusema, "Leo hatubishane, tunachapa." Alikuwa ameshapiga picha mpya, kwa kamera ya nyuma. Kahambu alimwambia nakala zingeweza kuja na madereva. Alikataa. Alitaka kila mtu aliyemwamini aupokee ukurasa mpya kutoka mkononi mwake.

Alipita vijiji vyote, kimoja kimoja, kwa pikipiki pale barabara iliporuhusu na kwa miguu pale pikipiki ilipozama. Kibua tulikuwa wa mwisho. Alifika siku ya sita, mchana, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kichwa kilicholowa, amebeba mkoba wa plastiki kifuani kama mtu abebavyo mtoto. Nilimtazama mikono kwanza. Kovu lilikuwa la kushoto.

Hakutaka kula. Aliomba watu waitwe. Wakaja mbele ya kituo, walewale, na baba wa mtoto akiwemo. Papa Archange alisimama pembeni, karibu na ukuta.

"Mimi njo Anastasie," alisema. "Njo mwenye nilifanya kile kitabu. Munanijua kwa mikono tu, sasa muone na uso. Siku ile maji ilimwangika, Papa Archange hakulewa, hakulala, hakununuliwa. Alifanya sawasawa vile nilimwambia. Mimi njo nilimwambia vibaya. Kama kuko mwenye anataka kushika shati, ashike yangu."

Watu walitazamana. Baba wa mtoto alikuwa kijana mwenye hasira za haraka. Nilihofia atasema neno. Alisema, "Mama, mutoto wangu angekufa."

"Najua," alijibu. "Nilijua tangu Docta ananipigia. Nimetembea nayo siku sita."

Hakuongeza udhuru. Hakutaja kamera wala kioo, ingawa angeweza, na nusu ya watu wangemhurumia. Alimgeukia Papa Archange, akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele ya watu kwa jina lake. Baba wa mtoto alitazama chini, kisha akaenda akasimama karibu na Papa Archange. Hakusema samahani, lakini kesho yake nilimwona anambebea mfuniko wa chuma kupanda kilima.

Maana kesho yake tulipanda wote. Mama Anastasie hakuutoa ukurasa mpya aliokuja nao. Alimwambia Papa Archange, "Nilikuja na picha ya mukono yangu. Lakini hii shimo ni yako. Weka mukono yako." Akaosha vane kwa sabuni, akatandika gunia, akangoja wingu lifunike jua, akapiga. Kisha akatoa makopo mawili madogo ya rangi, akampa Papa Archange brashi. Vane ya tenki wakaipaka buluu. Ya bondeni wakaipaka nyekundu. "Hata picha igeuke juu chini," alisema, "buluu itabaki buluu."

Wazo la rangi alilipata njiani, kijiji cha tatu, alipomwona mwanamke anafunga kamba nyekundu kwenye bidoni ya petroli ili isichanganywe na ya maji. Alirudi nyuma kijiji kwa kijiji akipaka rangi vane za vijiji vyote saba.

Katika toleo la pili la kitabu, lililotoka mwaka uliofuata, ile picha iliyogeuka bado imo. Imewekwa peke yake kwenye ukurasa, imekatwa na mistari miwili myekundu, na chini yake pameandikwa: "Hii picha ni kosa yangu, Anastasie. Ilikausha tenki ya Kibua. Usifanye hivi." Kahambu alimkataza. Alimwambia hakuna mtu anayechapa aibu yake kwa rangi. Mama Anastasie alimjibu kwamba fundi atakayeiona picha ile atakuwa na ruhusa ya kukibishia kitabu siku kitakapokosea tena.

Habari zilienda mbali kuliko yeye alivyotaka. Ndugu wa Kahambu ana duka la vipuri Mubi, na madereva wa malori walipoona kitabu kile walitaka cha injini za pikipiki, cha mashine za kusaga, cha mapampu ya machimbo. Walimpigia simu mpaka akachoka. Alikataa vyote. "Mimi najua maji na maziwa," aliwaambia. "Hiyo ingine, mutafute muntu mwenye anaijua, mimi nitamufundisha kupiga picha." Na kweli makanika mmoja wa Mubi alikuja kwake akakaa wiki mbili, akarudi na kitabu cha kusafisha kabureta ambacho, nasikia, kina picha za mikono iliyooshwa vizuri kuliko mikono yoyote ya makanika barabara nzima.

Bwana mmoja wa ofisi fulani ya Goma naye aliomba kukichukua kitabu cha maji, kichapwe upya na kitolewe kwa jina la ofisi. Mama Anastasie alikubali kukitoa bure. Sharti lake lilikuwa moja: ukurasa wa mwisho ubaki na majina ya waliokijaribu, na la kwanza liwe la Mama Dusabimana. Bwana yule alisema huyo mama hajui hata kusoma. "Njo maana," alijibu. Jambo hilo likafia hapo, na Mama Anastasie hakulisikitikia.

Tangu hapo vita vimepita juu ya vilima vile zaidi ya mara moja. Ng'ombe wa Shyaka wamepungua. Kwa muda waliishi kwa ndugu, kisha wakarudi. Vijiji viwili kati ya saba havina maji tena. Mama Anastasie havitaji vijiji hivyo kwa jina, husema tu "kule chini" na "kule kwa daraja." Vitano vinatoa maji.

Mara ya mwisho alikuja Kibua mwaka jana, mwezi wa sita. Amevaa miwani sasa. Papa Archange alikuwa ameanza kuumwa miguu, na kazi ilikuwa imekabidhiwa msichana aitwaye Elodie, mwenye shughuli nyingi na maneno machache. Mama Anastasie alikuja kujaribu toleo la tatu. Alimpa Elodie kitabu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, kimya, na mimi na Papa Archange tukakaa nyuma yake kama wanafunzi.

Elodie alifungua mfuniko, akafunga ya buluu, akafungua ya nyekundu, akapangusa chujio. Kwenye ukurasa uliofuata alisita. Alitazama picha, akatazama chuma, akatazama picha tena. Jasho likamtoka. Mwishowe akageuka.

"Mama, nimekosa?"

Mama Anastasie alikuwa ameshatoa daftari, miwani imeshuka puani, anaandika.

"Hapana, mutoto yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Kitabu njo kimekosa. Endelea tu, unionyeshe fasi ingine yenye kimekosa."